Barafu inayotembea: Kile ambacho mabati ya Kericho yanaweza kukufunza kuhusu Greenland

KAMA umelelewa Kericho au Bomet, hakuna haja ya mtu kukuonyesha barafu kwenye picha. Umeiona ikianguka. Saa nane jua linawaka, saa tisa wingu jeusi limetanda upande wa Londiani, na kabla hujaanua nguo zote kwenye kamba, mvua ya mawe imeshafika. Inapiga mabati hadi mnapigiana kelele ili msikizane ndani ya nyumba moja. Ikikatika, majani ya chai yamechanika kana kwamba mbuzi wamepita, na kando ya ukuta kuna rundo jeupe ambalo watoto wanaokota na kutafuna.

Usidhani ni jambo dogo. Eneo hili linajulikana na wataalamu wa hali ya hewa duniani kwa sababu ya mawe yake. Miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya chai walichoka, wakaanza kurusha roketi za baruti mawinguni, wakitumaini mlipuko ungevunja mawe kabla hayajakomaa. Baadaye zikaletwa ndege za kunyunyizia mawingu kemikali. Halafu mwaka 1982 watafiti wawili, Russell Schnell na Suan Tan-Schnell, wakachapisha jambo la kuchekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja: takataka za majani makavu yanayoozea chini ya michai, zikipeperushwa juu na upepo, zinaweza kuwa mbegu ambayo barafu huanza kujijenga juu yake. Yaani huenda chai yenyewe inasaidia kutengeneza mawe yanayoipiga.

Lakini leo tusiongee juu ya barafu inayoanguka. Tuongee juu ya ile inayotembea.

Siku nyingine mvua ya mawe ikipiga, usikimbilie tu kuchukua video. Angalia paa lisilo na mwinuko mkali, au turubai la kibanda pale sokoni. Mawe yakishakusanyika, hubaki pale, yamekwama. Jua linachungulia kidogo, ya juu yanaanza kuyeyuka, maji yanapenya katikati ya mawe mpaka yanafika chini kabisa. Kimya kidogo. Kisha pwaa! Rundo zima linashuka kwa mpigo mmoja. Angalia vizuri: halikuyeyuka likaisha. Liliteleza, na maji kiasi cha kujaza kikombe ndiyo yaliyolifungulia njia.

Swali ambalo limewanyima wanasayansi usingizi kwa zaidi ya miaka 20 ni hili: je, jambo kama hilo linaweza kutokea kwa barafu yenye unene wa kilomita 3?

Mto usio na haraka

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikariri kwenye Jiografia bila kuliamini. Barafu ni ngumu, ukiipiga nyundo inavunjika. Ila ukiirundika kwa unene wa kutosha, uzito wake wenyewe unaifanya ilainike na kutambaa, polepole sana, kama uji mzito unaomiminwa kwenye sahani iliyoinama. Ndiyo maana tunasema mto wa barafu. Huo ni mwendo wa kwanza, wa barafu kujinyoosha ndani yake yenyewe.

Mwendo wa pili ni kuteleza. Kitako cha barafu kinasugua mwamba au udongo ulio chini, na kama hapo pana maji, msuguano unapungua. Mwendo wa kwanza ni wa polepole na haubadilikibadiliki. Huu wa pili ndio wenye vituko, kwa sababu unaweza kuongezeka au kupungua kwa saa chache tu.

Sasa fikiria Greenland. Kile kisiwa kikubwa cha kaskazini kimefunikwa na barafu ya ukubwa wa karibu kilomita mraba milioni 1.7. Chukua Kenya nzima, Turkana hadi Kwale, uiweke mara tatu, hapo utakuwa umekaribia. Katikati unene unapita kilomita 3. Barafu ya ukubwa huo wataalamu huiita ngao ya barafu, na duniani zimebaki sehemu mbili tu zenye ngao kama hizo: Greenland na Antaktika. Ile ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari zote zitapanda kwa zaidi ya mita 7. Hilo si la kesho wala la mwaka 2100, lingechukua karne nyingi. Lakini swali la lini linategemea, kati ya mengine, kasi ambayo barafu hiyo inashuka kuelekea pwani. Na ndipo maji ya juu yanapoingia kwenye hadithi.

Kabla ya mwaka 2002 watu wengi waliosoma barafu waliamini kwamba ngao kubwa kama hii haijali kinachotokea juu yake kwa msimu mmoja. Joto la kiangazi likiyeyusha uso, maji yangebaki juu au kuganda tena. Yangefikaje chini, kilomita nzima ya barafu baridi ikiwa katikati? Ilionekana ni hoja nzuri, na kwa miaka mingi hakuna aliyeigusa.

Kambi ya Swiss Camp

Magharibi mwa Greenland kulikuwa na kambi ya watafiti iitwayo Swiss Camp, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Mswisi Konrad Steffen. Barafu iliyo chini ya kambi hiyo ina unene wa zaidi ya kilomita 1. Kati ya 1996 na 1999, kundi lililoongozwa na Jay Zwally wa NASA lilipima mwendo wa barafu hapo kwa GPS, ile ile teknolojia iliyo kwenye simu yako, ila sahihi zaidi.

Wakati wa baridi barafu ilikuwa ikisonga kama sentimita 31 kwa siku, urefu wa rula ya shule. Kiangazi, maji yalipoanza kutiririka juu, mwendo ukapanda, na kilele chake katika majira ya joto ya 1998 kilifika karibu sentimita 40 kwa siku. Kiangazi kilipoisha, ukarudi chini. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2002, ile imani ya kwamba maji hayafiki chini ilivunjika. Yalikuwa yanafika, tena haraka.

Steffen aliendelea kurudi kwenye barafu hiyo kila mwaka. Agosti 2020 alitumbukia kwenye ufa karibu na kambi hiyo hiyo na kufariki. Nataja hili kwa sababu hizi namba tunazozisoma tukiwa tumekaa kwenye matatu ya kwenda Litein kuna watu walizilipia kwa maisha yao.

Basi maji hufikaje chini? Jibu lililo wazi zaidi lilipatikana Julai 2006. Sarah Das na Ian Joughin walikuwa wameweka vifaa kando ya ziwa lililotokea juu ya barafu, ziwa la maji ya samawati lenye eneo la kilomita mraba 5.6. Chini yake kulikuwa na barafu ya unene wa karibu mita 980. Tarehe 29 Julai ziwa hilo lilitoboka chini. Maji yote, takriban mita za ujazo milioni 44, yalimezwa kwa muda wa kama saa moja na nusu.

Hebu tulete hiyo namba nyumbani. Bwawa la Ndakaini, linalotegemewa na Nairobi kwa sehemu kubwa ya maji yake, likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Kwa hivyo chora picha ya zaidi ya nusu ya Ndakaini ikipotea kwenye shimo kabla mechi ya kandanda haijamalizika. Kasi hiyo ya maji ilikuwa kubwa kuliko wastani wa maporomoko ya Niagara. Vifaa vilionyesha kwamba kipande kile cha barafu, chenye unene wa karibu kilomita moja, kiliinuliwa juu kwa mita 1.2 na kusukumwa kando kwa sentimita 80. Kisha kikashuka taratibu maji yalipotawanyika.

Maji yaliinua mlima. Sijui kama kuna njia nyingine ya kulisema.

Siri yake ni nyepesi kuliko unavyofikiri. Maji ni mazito kuliko barafu, ndiyo maana kipande cha barafu huelea kwenye glasi yako ya juisi. Sasa, ukiwa na ufa mdogo kwenye barafu, na ufa huo ukajaa maji, yale maji yanasukuma kuta za ufa kwa nguvu kuliko barafu inavyoweza kuzibana zifunge. Ufa unazidi kwenda chini. Ni kama kabari unayoigonga kwenye gogo la mkalitusi: ukishapata pa kuanzia na una nguvu ya kuendelea kugonga, gogo litapasuka tu. Ziwa ndilo linalogonga. Maadamu maji yanaendelea kuingia, ufa utafika kwenye mwamba.

Baada ya hapo ufa unaweza kubaki wazi kama shimo la wima ambalo mito ya juu ya barafu inatumbukia humo msimu mzima. Wataalamu hutumia neno la Kifaransa lenye maana ya kinu, kwa jinsi maji yanavyozunguka yakishuka. Ukisimama kando (tafadhali usisimame) unasikia mngurumo tu.

Na yakishafika chini, kazi yake si kulainisha pekee kama mafuta kwenye cheni ya baiskeli. Fikiria jeki pale gereji. Mafuta kidogo yaliyofungiwa yakasukumwa yanainua lori zima la chai na mzigo wake. Maji yaliyobanwa chini ya barafu hufanya vivyo hivyo: yanabeba sehemu ya uzito, barafu inapungukiwa na mshiko kwenye mwamba, inateleza.

Kama hilo halikushtui, kumbuka kwamba ardhi nayo hufuata sheria hiyo hiyo. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji yanajaa ndani ya udongo wa mteremko, yanabeba uzito uliokuwa umeshikilia chembe za udongo pamoja, na kilima kinaachilia. Novemba 2019 maporomoko ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 40 usiku mmoja. Ni fizikia ile ile, ila badala ya barafu kilichoshuka ni udongo, miti na mawe, na chini yake kulikuwa na watu waliolala.

Hapo ndipo vichwa vya habari vilipokimbia

Ukiunganisha hayo yote, hadithi inajiandika yenyewe: dunia inapata joto, maji ya juu yanaongezeka, yanafika chini, barafu inakimbia, inashuka mahali penye joto zaidi, inayeyuka zaidi, inakimbia zaidi. Mzunguko usio na breki. Baada ya 2002 na 2008 kuliandikwa mengi ya namna hiyo, na bado utayakuta kwenye video za TikTok zenye muziki wa kutisha.

Ni hadithi tamu, na ndiyo sababu inafaa kuitilia shaka. Watafiti waliifanyia kazi hiyo, na walichokikuta mtu yeyote aliyewahi kuendesha bodaboda kwenye barabara ya murram angekitabiri.

Unajua hali ya barabara ya kwenda kituo cha chai mwanzo wa masika, Machi au Aprili. Mitaro imezibwa na udongo na majani ya miezi ya ukavu. Mvua kubwa ya kwanza inapiga. Maji hayana njia, yanatandaa barabara nzima. Hapo ndipo lori la chai linakwama na pikipiki inaondoka chini yako kama sabuni. Lakini rudi hapo mwezi wa Mei. Maji yameshajichimbia mfereji wake kando. Mvua inaweza kuwa maradufu ya ile ya kwanza, na bado katikati ya barabara unapita, kwa sababu mfereji unanyonya maji kutoka pande zote.

Chini ya barafu ni hivyo hivyo. Mwanzo wa kiangazi maji yanashuka na kukuta hakuna njia, yanasambaa kama karatasi nyembamba chini ya eneo kubwa, shinikizo linapanda, barafu inateleza kwa kasi. Wiki zinapita. Maji yanayopita yana joto kidogo na msuguano, yanayeyusha dari, yanajichongea mahandaki. Mahandaki hayo yakishakua, yanavuta maji kutoka pembeni, shinikizo linashuka, barafu inakaa tena kwenye mwamba na kushika. Mwendo unapungua, wakati mwingine hadi chini ya ule wa kabla ya kiangazi. Msimu wa baridi ukija na maji yakikatika, uzito wa barafu unayafunga mahandaki, na mwaka unaofuata kazi inaanza upya.

Kwa hivyo kinachoisukuma barafu sana si wingi wa maji bali ughafla wake. Ziwa linalopasuka, mvua ya kushtukiza, siku 3 za joto kali katikati ya baridi: hayo yanazidi uwezo wa mifereji iliyopo, na barafu inaruka. Maji mengi yanayokuja kwa utaratibu hupata njia yake.

Ushahidi? Mwaka 2015 Andrew Tedstone na wenzake walilinganisha picha za setilaiti za miaka 30 kwa sehemu ya Greenland ambayo barafu yake inaishia nchi kavu. Maji ya kuyeyuka yalikuwa yameongezeka kwa karibu nusu. Kasi ya barafu? Kati ya 2007 na 2014 ilikuwa chini kwa asilimia 12 ikilinganishwa na 1985 hadi 1994. Na miaka miwili kabla ya hapo, makadirio ya kompyuta yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba utelezi huu wa maji hauongezi zaidi ya asilimia 5 kwenye mchango wa Greenland katika kupanda kwa bahari ifikapo mwaka 2200.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ya hadithi hii, na ndiyo ambayo haipati maoni mengi mtandaoni. Sayansi ilitoa wazo la kuogofya, kisha ikalipima, kisha ikasema: breki ipo, angalau hapa.

Sasa usishangilie mapema. Nimesema "hapa" kwa sababu kuna mahali ambapo hadithi ni tofauti.

Kwanza, maziwa yanapanda. Kadiri joto linavyoongezeka, yanatokea mbali zaidi ndani ya ngao, mahali palipokuwa pakavu na baridi mwaka mzima. Agosti 2021 mvua, mvua ya kawaida ya matone, ilinyesha kwenye kilele cha ngao ya Greenland, zaidi ya mita 3,200 juu ya bahari, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana tangu kituo cha hapo kianze kuweka rekodi. Huko juu barafu ni nene mno, na huenda mahandaki hayatapata nafasi ya kukua kabla uzito hujayafunga. Watafiti bado wanabishana juu ya hilo.

Pili, barafu nyingi ya Greenland haiishii nchi kavu. Inaishia baharini, na huko adui mkubwa ni maji ya bahari yenye vuguvugu yanayoitafuna kutoka chini. Mto wa barafu uitwao Sermeq Kujalleq, au Jakobshavn, uliwahi kupimwa kiangazi cha 2012 ukikimbia zaidi ya mita 40 kwa siku. Rula ya shule imesahaulika hapo. Hiyo haikusababishwa na maziwa ya juu.

Tatu, Antaktika. Huko kuna mabamba ya barafu yanayoelea baharini, yakiwa yameshikana na nchi kavu kwa nyuma. Bamba moja, Larsen B, lilikuwa limejaa vidimbwi vya maji ya kuyeyuka katika kiangazi cha kusini cha 2002. Zile kabari nilizokueleza ziligongwa kila mahali kwa pamoja. Katika muda wa kama mwezi mmoja, takriban kilomita mraba 3,250 zilivunjikavunjika. Hilo ni eneo kubwa kuliko Kaunti nzima ya Kericho. Bamba lenyewe lilikuwa linaelea tayari, kwa hivyo kuvunjika kwake hakukuongeza bahari, sawa na barafu ya glasi ikiyeyuka. Tatizo ni kwamba lilikuwa kama kizuizi cha mlango. Lilipoondoka, mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake, iliyokaa juu ya nchi kavu, iliongeza kasi mara kadhaa. Hiyo ndiyo barafu inayoinua bahari.

Sawa, lakini Kericho iko mita 2,000 juu ya bahari

Kweli kabisa. Bahari haitakufikia Kapsoit. Na kabla mtu hajaniandikia, hata mito yetu haitoki kwenye barafu yoyote. Itare, Kipsonoi na jamaa zake wanategemea mvua na msitu wa Mau. Ukitaka kuharibu maji ya Kericho huhitaji kuyeyusha Greenland, msumeno unatosha.

Lakini fuata gunia la chai. Kutoka kiwandani linapanda lori, linashuka hadi Mombasa, linakaa ghalani, linauzwa kwenye mnada ambao ulihamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, kisha linapanda meli Kilindini. Chai ya Kericho, ya Bomet, na hata ya Uganda na Rwanda, inapita hapo. Bonasi anayoingojea mama ili alipe karo inapitia kwenye kisiwa kilicho ufukoni kabisa.

Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Utasema ni kidogo. Ila kasi imekuwa ikiongezeka: kati ya 2006 na 2018 ilikuwa milimita 3.7 kila mwaka. Na kuna jambo ambalo halisemwi sana shuleni. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inavuta maji ya bahari kuelekea kwake, kama mwezi unavyovuta maji yakajaa na kupwa. Ikipungua, mvuto huo unalegea, maji yaliyokuwa yamekusanyika huko kaskazini yanaondoka, na bahari karibu na Greenland inashuka. Maji hayo yanakuja wapi? Mbali, zikiwemo nchi za tropiki. Mombasa, Lamu na Zanzibar hazikuyeyusha chochote, lakini mgao wao haupungui.

Barafu yetu wenyewe

Wengi wetu husahau kwamba somo hili lote lingeweza kufundishwa bila kuvuka mpaka. Mlima Kenya una barafu, au tuseme ulikuwa nayo. Mwaka 1893 J. W. Gregory alipopanda alikuta mito ya barafu, na mmoja akaupa jina Lewis. Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Baadaye, kuanzia miaka ya 1970, Stefan Hastenrath alirudi Lewis mwaka baada ya mwaka kupima unene na mwendo wake, na kuufanya kuwa mmoja wa mito ya barafu iliyopimwa vizuri zaidi katika tropiki nzima.

Vipimo vyake vinafunza jambo ambalo Greenland haiwezi kukuonyesha kwa urahisi. Lewis ilikuwa inayeyuka, maji yalikuwepo ya kutosha, na bado kasi yake ilikuwa ikishuka. Kwa nini? Kwa sababu maji hayasukumi. Maji yanaondoa kizuizi tu. Kinachosukuma ni uzito, na Lewis ilikuwa inakonda. Kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Barafu nyembamba haina nguvu ya kutambaa, na barafu isiyotambaa si mto tena, ni mabaki.

Kilimanjaro nako ni kisa kingine. Barafu ya juu ya bapa la Kibo imekaa mahali pakavu na baridi sana, imeshikana na ardhi, na sehemu kubwa yake hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Mtalii akishangaa mbona hakuna mito inayotiririka chini ya zile kuta nyeupe, jibu ni hilo. Na Rwenzori, ambako Mtawala wa Abruzzi alipanda 1906 na kukuta kilomita mraba kadhaa za barafu, mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki chini ya kilomita mraba 1. Milima mitatu, na hakuna hata mmoja unaokufa kwa njia sawa na mwenzake.

Kinachoniudhi ni hiki: mwanafunzi wa kidato cha tatu Bomet anakariri jinsi barafu ilivyochonga Bonde la Teleki, anapata alama zake, na huenda akamaliza shule, chuo na harusi bila kujua kwamba barafu yenyewe ilikuwa safari ya siku moja kwa gari na siku chache za kutembea kutoka kwao. Mto wa Gregory, uliokuwa jirani ya Lewis, umeshaisha. Lewis yenyewe imegawanyika vipande.

Ikitokea shule yenu au chama chenu cha vijana kimepanga kupanda hadi Point Lenana, jiandikishe. Njiani, karibu na Austrian Hut, mwombe kiongozi akuonyeshe mahali ukingo wa barafu ulipokuwa zamani. Utaona mteremko wa changarawe, miamba iliyosuguliwa hadi ikalainika, mikwaruzo iliyonyooka upande ule ule barafu ilikokuwa ikielekea, na chini kidogo kidimbwi cha maji ya kijani kilichotokea barafu iliporudi nyuma. Weka kiganja kwenye ile mikwaruzo. Hapo ndipo ilipokuwa ikiteleza.